Daftari la Madeni ya Baba

Jeneza halipiti kirahisi kwenye ngazi za majumba ya Michenzani, Zanzibar. Kila zinapokata kona, wabebaji hulazimika kulinyanyua juu ya vichwa, wa mbele wakirudi nusu hatua, wa nyuma wakijibana ukutani. Nilisimama ghorofa ya nne, mkono kwenye reli, nikawatazama wanaume wakimteremsha baba yangu. Nilichokiona mwisho ni ncha ya kitambaa cha kijani ikipinda kona ya ghorofa ya pili. Kwetu wanawake hatufuati maziko. Yaliyobaki, yaani mwanandani, mbao, konzi tatu za mchanga na talakini, nilihadithiwa na kaka yangu usiku ule.

Ilikuwa Machi 2019, mwezi 13 Rajabu. Baba alikuwa amefariki jana yake baada ya Alasiri, na mimi nilivuka kutoka Dar es Salaam kwa boti ya asubuhi, nikamkuta ameshaoshwa, sanda ikisubiri kufungwa usoni ili nimuone.

Kabla jeneza halijatoka chumbani, wanawake wazima walimzunguka mama, wakamwambia kama kawaida yetu: msamehe mumeo. Mama alikuwa amekaa chini, kanga mbili kichwani. Akajibu kwa sauti ya chini, "Nimemsamehe yote yasiyoandikwa." Walioyasikia waliitikia amina, wengine wakatazamana. Nilidhani msiba umemchanganya. Ilinichukua miezi kadhaa kuyaelewa maneno yale.

Msikitini, kabla ya sala ya maiti, kaka alisimama mbele ya safu akasema yale ambayo kila Mzanzibari anayajua: anayemdai marehemu aje kwetu tumlipe, na anayeweza kusamehe amsamehe. Tangazo hilo nimelisikia likihadithiwa tangu nikiwa mtoto, na katika maisha yangu yote sijaona mtu akija kudai. Watu huona haya. Muuza duka anayedai elfu ishirini atakunywa kahawa ya matanga na kurudi zake kimya, kwa sababu kumdai maiti ni kama kumvunjia heshima. Na wafiwa, wakishaona hakuna aliyekuja, huhesabu kwamba marehemu hana deni. Naamini hapo tumekosea, sote, wadai na warithi. Jambo zito tumeligeuza kuwa sehemu ya utaratibu wa maziko, kama kugawa vijuzuu.

Na uzito wake si wa kubuni. Imam Bukhari amepokea kwamba maiti aliletwa mbele ya Mtume, akauliza kama ana deni. Akaambiwa ana dinari tatu, wala hakuacha cha kulipia. Akawaambia masahaba wamsalie wao. Hakusogea mpaka Abu Qatada alipolichukua lile deni juu ya shingo yake. Dinari tatu tu, na mbora wa viumbe akasita. Sheria nayo imepanga wazi: mali ya marehemu hutoa kwanza gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Mjane, mwanawe, nduguye, wote wanangoja nyuma ya muuza duka.

Baba hakusubiri haya za watu. Alikuwa fundi saa, na kwa miaka 34 meza yake ilikaa Mlandege, chini ya upenu wa duka la vitambaa. Siku ya nne baada ya maziko nilikwenda na kaka kuifungua. Ndani ya mtoto wa meza mlikuwa na vibano, betri, vioo vya saa ndani ya kopo la maziwa, saa za watu tisa, kila moja imefungwa kikaratasi, na daftari lenye jalada gumu, limekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Baba alisoma chuo cha Qur'ani kabla ya kusoma skuli, na hadi kufa aliandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Niliweza kusoma tarakimu na jina moja moja, basi. Nilimpelekea mama.

Mama alikuwa ameanza kukaa eda. Zamani mwanamke wa eda akiitwa kizuka, jina lile lile la kiumbe kinachomtokea mtu gizani, na sikitiko langu ni kwamba bado wapo wanaolitumia. Shangazi yangu, kwa mapenzi tu, alitaka vioo vyote vya nyumba vifunikwe na mama asisikike sauti mpaka mlangoni. Mama alikataa kwa upole. Alifuata ya Qur'ani na Suna, hakuongeza: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba aliyokuwamo na mumewe, bila manukato, bila wanja, bila mapambo. Alivua pete, akavua na saa yake ndogo ya kutia ufunguo, ambayo baba alimpa kitambo, akaiweka juu ya kabati. Saa za namna hiyo husimama zikikosa mkono. Kufikia siku ya pili ilikuwa imesimama.

Basi ikawa hivi. Mama hatoki, anasoma. Mimi, niliyeomba likizo bila malipo kazini, natembea. Kila usiku baada ya Isha alikaa kitandani na daftari, miwani puani, akinisomea ukurasa mmoja au miwili, na asubuhi mimi nashuka ngazi na fedha kwenye mkoba. Ukurasa wa kwanza aliuruka. Niliuona una maandishi machache, nikadhani ni Bismillahi.

Katika Suratul Baqara, aya ya 234 ndiyo inayotaja eda ya mjane, na aya ya 282, ndefu kuliko zote ndani ya Msahafu, inahusu deni: liandikwe, dogo au kubwa, na muda wake, wala msichoke. Baba alikuwa na tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, imeachia gamba, na aya ile ya pili alikuwa ameipigia mstari kwa kalamu ya risasi. Nilikua nikiisikia ikisomwa Ramadhani na sikuwahi kujiuliza kwa nini aya ndefu kuliko zote iwe ya mambo ya sokoni. Sasa nilikuwa nayo mkononi, kwa mwandiko wa fundi saa.

Deni la kwanza nililolipa ni vikombe 14 vya kahawa. Barza ile haiko mbali na meza yake. Mzee muuza kahawa alikataa fedha, akasema fundi na yeye hawadaiani. Nikamwambia baba aliandika. Akauliza ameandika vingapi. Nilipomtajia, alicheka huku machozi yakimlenga, akasema yeye alikuwa akihesabu 11. Kisha akazipokea, kwa mikono miwili, kama anayepokea zawadi. Nilirudi kumhadithia mama, akanifanya nirudie kile kisa mara tatu. Alitaka kujua mzee alikaa upande gani wa barza, na kashata ziko wapi. Alikuwa ameishi na mume wake miaka 45 na hajawahi kumuona anavyokunywa kahawa na wanaume wenzake.

Yalikuwepo madeni ya kawaida, ya mchele, ya kioo cha saa alichoazima kwa fundi mwenzake, sitayaeleza. Na zilikuwepo saa, ambazo si deni bali ni amana, na amana ina uzito wake. Wenye saa sita walizifuata wenyewe. Moja ilinipeleka Makunduchi, kwa bwana mmoja mtu mzima sana, Seiko yake ya chuma imekuwa mezani kwa baba tangu Novemba. Ilikuwa imeshatengenezeka, alisema. Lakini baba alimwambia saa haihesabiwi kuwa imepona mpaka itimize mwezi bila kuteleza, na kila mara ilipoteleza dakika mbili tatu, mwezi ukaanza upya. Aliniuliza imefika siku ya ngapi. Tulitazama kikaratasi: vijistari 26. Bwana yule akaivaa, akaniambia zile siku nne atazimaliza yeye.

Nilikuwa nasali siku zote hizo, vipindi vyote vitano, na ni lazima niseme hali ilivyokuwa. Midomo ilisoma Alhamdu, akili ilikuwa imebaki kwenye kona ya ghorofa ya pili. Sikumkasirikia Mwenyezi Mungu, wala sikumshuku. Nilikosa cha kumwambia. Nikinyanyua mikono kuomba dua, ilikuwa kama nimeshika simu isiyo na mtu upande wa pili, nikaishusha upesi ili mama asinione. Watu walinipa subira, subira, subira, na neno lile likawa kama mlio wa feni. Leo nikienda kwenye msiba silitumii. Naosha vyombo.

Halafu nikaenda Kwahani. Daftari lilisema: saa ya marehemu mumewe, haiponi, arubuni 5,000 irudi. Mama mwenye nyumba alikuwa mjane wa miaka mingi. Baba alijaribu ile saa kwa miezi, vipuri vyake havipatikani tena, na kwa hesabu ya fundi yeyote kazi ile ilistahili malipo. Yeye aliiandika kuwa anadaiwa. Nilimkabidhi saa na fedha. Saa aliipangusa kwa pindo la kanga, akaitia ndani ya mto. Kisha akaniuliza mama yuko siku ya ngapi. Nikababaika. Sikuwa najua.

"Mwanangu," alisema, "usimwache ahesabu peke yake. Mimi niliachwa. Siku ya tisini nikapotea, nikaanza upya kwa hofu ya kupunguza, na hakuna aliyejua kwamba nimekaa zaidi."

Jua lilikuwa linazama, akanitandikia msala. Rakaa tatu za Magharibi nilizisali katika chumba cha mtu nisiyemjua, na nilipotoa salamu nikajikuta mikono iko juu na nina la kuomba. Nilimuomba Mungu aniwezeshe kumpata utingo.

Kwa sababu alikuwepo utingo. Mama alikuwa amenisomea jana yake: utingo wa gari ya Bububu, kijana ana kovu shavuni, 300. Bila shaka siku moja baba alipanda na noti kubwa, kijana akakosa chenji, akamwambia utanipa siku nyingine mzee. Baba hakumjua jina, akaandika kovu. Kwa siku tatu nilisimama stendi Darajani nikiuliza kila gari ya 502, ya Bububu, inayopakia. Mmoja alisema kijana huyo karudi kwao Pemba. Wengine walisema kavuka Muscat kutafuta maisha. Dereva mmoja alinitazama kwa muda, mama mtu mzima nimeshika shilingi mia tatu masikani mwa watu, akashuka kwenye kiti chake, akazunguka na mimi gari kwa gari mpaka abiria wake wakaanza kupiga kelele.

Nilimuuliza sheikh wa msikitini kwetu. Alinijibu kwamba mdai asipopatikana baada ya jitihada, deni hutolewa sadaka kwa nia ya mwenyewe, thawabu ni zake. Akitokea baadaye na asiridhike, mlipeni tena. Nikaitoa. Lakini mpaka leo nikishuka botini kwenda nyumbani, wakati mwingine hupanda 502 hata kama sina safari ya Bububu, nikakaa kiti cha karibu na mlango.

Kuanzia usiku wa Kwahani tulihesabu pamoja. Nilimnunulia mama kalenda ya ukutani yenye miezi ya Kiislamu, na kila baada ya Magharibi tunatia alama. Shaaban ikapita. Ramadhani ikaingia na masika yake, ngazi zote zimeloa, maji yanatiririka kwenye kuta. Jumba letu, kama yale mengine ya Michenzani, lina urefu wa karibu mita 300, na nadhani mwezi ule kila mlango wa upande wetu ulituletea sahani iliyofunikwa kawa. Mtume, ilipofika habari ya kuuawa Jaafar katika vita vya Muuta, aliwaambia watu wa nyumbani kwake wawapikie jamaa wa Jaafar, kwa sababu wamefikwa na jambo linalowashughulisha. Sisi leo tumeigeuza juu chini, wafiwa ndio wanaokopa kupika biriani la watu mia tatu. Baba angelichukia deni la namna hiyo. Siku za matanga tulikataa kupika, na tulisemwa. Tulifarijika majirani walipoyarudisha mambo mahali pake bila kuambiwa na mtu.

Siku ya Idd mama alivaa dera lake lile lile lisilo na rangi. Watoto wa jumba zima walipanda kuomba sikukuu, wamenukia, wamependeza, na yeye akawapa kila mmoja sarafu yake, akiwashika vichwa. Alipofunga mlango ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza nikimuona. Alisema kilichomliza ni harufu ya mafuta mazuri kwenye nywele za watoto.

Daftari lilikwisha katikati ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Kila deni nilipolilipa, mama alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka, namna ile ile baba alivyokuwa akikata. Nilimwambia kaka tumemaliza, tunaweza kushughulikia mirathi. Mama alikuwa akichambua mchele. Akasema, hamjamaliza.

Akafungua ukurasa wa kwanza. Haikuwa Bismillahi peke yake. Chini yake baba ameandika: mke wangu, baki ya mahari, 400.

Walioana 1974. Mahari ilikuwa shilingi 700, akatoa 300, nyingine akaahidi. Ni deni kama deni lolote, na warithi hulipa kabla ya kugawana, ingawa kwetu ni wajane wachache sana wanaothubutu kulitamka. Huambiwa wasamehe, na wanasamehe, mbele ya maiti, wakiwa hawajui hata walichosema. Mama alithubutu. Alikuwa ameshajibu siku ile ile, na sisi hatukusikia.

Alituhadithia. Mwaka 1981, wakati ule maduka hayana kitu na watu wanapanga foleni ya sabuni, baba alimwekea mkononi 400 zote. Mama akazinunulia mchele wa magendo, maana kaka alikuwa mdogo na nyumba haina chakula. Baba alipojua, akamwambia: chakula ni juu yangu, kwa hiyo umelipa la kwangu kwa fedha yako, deni lako liko pale pale. Akaliandika upya. Miaka ikaenda, shilingi ikaanguka, 400 ikawa kitu cha mtoto kununulia ubuyu. Baba akaona haya kumletea mkewe 400, na akaona hana uwezo wa kumletea thamani yake ya zamani. Kila daftari lilipojaa na akaanza jipya, ukurasa wa kwanza aliandika lile lile.

Kaka alikuwa analia wazi. Akasema atatoa laki nne, kesho. Mama akatikisa kichwa. Tulipiga simu kwa sheikh, naye akasema kinachowajibika ni idadi iliyoandikwa, na ziada yoyote ni ihsani yenu, sio deni la marehemu. Mama akasema hataki ihsani, anataka mahari yake.

Nilimuuliza kwa nini asisamehe tu, kiasi chenyewe ndicho hicho.

"Kusamehewa ni kwa aliyeshindwa," alisema. "Baba yenu hakushindwa. Alichelewa."

Mwezi 22 Mfunguo Pili jua lilizama huku kusi ikipiga madirisha. Mama alikuwa ameshaoga, nguo mpya ziko kitandani, chetezo kiko chini na udi umeanza kufuka. Alingoja adhana iishe yote. Akasali. Kaka akaja, akapiga magoti mbele ya msala, akamwekea kiganjani sarafu mbili za shilingi 200, zenye sura ya Mzee Karume, ambaye majumba haya ya Michenzani yalianza wakati wake. Mama akazitazama pande zote mbili. Akazifunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo, akalivuta kwa meno kulikaza. Akaomba kalamu. Mkono ulimtetemeka kidogo, lakini mstari ulikwenda sawa kutoka mwanzo wa neno mke hadi mwisho wa tarakimu.

Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akaishusha saa yake, akaipuliza vumbi. Akaizungusha ufunguo polepole, akihesabu mizunguko kwa midomo kama mtu anayevuta tasbihi.

"Sasa ni saa ngapi?" aliniuliza.

Nikamwambia kumi na mbili na dakika arobaini. Akasogeza akrabu, akaiweka sikioni kwanza, akasikiliza, ndipo akaivaa.